Hanisahau

Mara ya kwanza Mbodze aliukata kwa panga. Mara ya pili akaufukua kwa jembe mpaka jasho likamlowesha leso. Mara ya tatu akachemsha sufuria nzima ya maji ya chumvi, akayamimina shinani huku akisonya. Wiki tatu baadaye, kwa manyunyu tu, chipukizi hilo hapo: jembamba, la kijani, limeshajizungusha kwenye mwimo wa mlango kama halijasikia lolote.

"Una uso mkavu wewe," Mbodze akaliambia. Halafu akageuka haraka kuangalia kama kuna mtu aliyemsikia akigombana na majani.

Mmea ule haukuwa wake. Ulikuwa wa Rebecca, mke mwenzake, na Rebecca hakuwapo. Aliondoka siku ile maji ya Elinino yalipoingia, Novemba ya mwaka wa tisini na saba, na sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Watu wa Garsen wote walijua alikokwenda. Amekwenda Kipini, kwa Suleiman muuza ng'onda, samaki wa kukaushwa, yule mwenye meno meupe na maneno matamu aliyekuwa akipita na baiskeli kila Jumatatu. Nani aliwaona njiani? Hakuna. Nani aliwaona huko Kipini? Hakuna. Lakini Suleiman naye hakuonekana tena tangu mafuriko, na watu wakishakaa chini ya mahema ya nailoni kando ya barabara, wakingoja mahindi ya msaada, hawana kazi nyingine ila kujumlisha. Basi wakajumlisha.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba hesabu ile si sawa. Mtu huyo alikuwa Mbodze, na Mbodze alinyamaza.

Tuseme kweli, mmea wenyewe ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomuudhi tangu mwanzo. Rebecca alikuja nao siku ya harusi kama wengine wanavyokuja na sanduku. Alikuwa Mpokomo wa Golbanti, na babu yake aliwahi kutunza bustani ya wamisionari zamani hizo. Mama mmoja wa kizungu alileta ua la kwao kwa meli, akawa anamfundisha mzee jina lake, neno la Kizungu refu lenye kuteleza ulimini. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akalirudia vile masikio yake yalivyolipokea: hanisahau. Mzungu akacheka, akasahihisha, akasahihisha tena, akachoka. Siku zake zikaisha akarudi kwao, lakini jina lilibaki vilevile, na watoto wa pale walikua wakiamini kuwa ni Kiswahili safi kabisa. Ua linamsemea aliyelipanda, walivyoelewa wao: yuko mtu mahali fulani, naye hanisahau.

Maua yalitoka mawili mawili, membamba, marefu kama vidole vya mtoto mchanga, meupe leo, kesho rangi ya samli. Ukichomoa uzi wa katikati kwa chini unatoka na tone la utamu, nawe unalamba. Mchana yalibana harufu yake. Jua likianza kuinama ndipo yalipoifungua, na boma zima likajaa.

"Kichwa juani, miguu kivulini," Rebecca alizoea kusema. Shina alilifunika kwa makapi ya mpunga na majani makavu ya mgomba ili joto la Garsen lisilichome, akalimwagilia maji ya kuoshea mchele. Maua yakiisha msimu, alipunguza matawi bila huruma. Na alipotaka mche mpya hakukata tawi akachomeka, alililaza. Aliinamisha tawi refu mpaka chini, akalikwaruza ganda upande wa chini, akalifukia penye fundo na kuweka jiwe juu. "Huyu bado ananyonya," alimwambia bintiye Janet. Baada ya wiki sita mama na mtoto walichuchumaa, na Janet akalivuta tawi taratibu kwa vidole viwili. Likija, bado. Likishikilia, lina mizizi yake, laweza kukatwa kwa mamake.

"Imeshika!" Janet alipiga kelele, na Randu, baba yake, alicheka huko alikokaa.

Hapo sasa. Huko alikokaa Randu ndiko kulikomchoma Mbodze kama mkuki. Zamu ni zamu, kila mwanamke aliyeolewa mitala anajua, na Randu hakuwa mtu wa kuruka zamu. Alilala pale alipopaswa kulala. Lakini chai yake ya jioni alikuwa akiinywa barazani kwa Rebecca, hata siku za Mbodze, na akiulizwa alisema eti anafuata upepo. Upepo gani? Boma moja, nyumba mbili zinazotazamana, upepo nao uchague mlango? Mbodze alikuwa mke mkubwa, mama yake Karisa, Mekarisa kama mumewe alivyomwita, aliyemlimia Randu shamba la kwanza walipohamia kutoka kusini wakiwa na majembe mawili na kuku mmoja. Na sasa alikuwa anashindwa na maua.

Ikaja siku akaona nyoka karibu na kuni. Kanyoka ka kijani, kembamba, kasikodhuru mtu. Mbodze alikaua kwa fimbo, akakatundika kwenye uzio kama ushahidi kortini, maana nani asiyejua kuwa maua ya kunukia yanaita nyoka? Randu alikuwa amekwenda Hola kufuata habari za shamba la kumwagilia maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

"Leo hii hilo dude lako liondoke," Mbodze alimwambia Rebecca. "Lirudi Golbanti lilikotoka."

"Sawa dada. Ningoje basi mvua ipungue."

"Mimi nimengoja miaka saba."

Rebecca hakujibu. Alikuwa na tabia hiyo, ya kutojibu, na Mbodze aliichukia kuliko matusi. Rebecca alifukua mmea katika tope mpaka shina likakatika, akabaki na miche miwili aliyokuwa ameilaza. Aliitia ndani ya kopo la mafuta ya Kimbo alilokuwa amelitoboa matundu kwa msumari, akalifunga katika leso yake ya manjano. Janet alikuwa amelala na kihoma. Rebecca alisimama mlangoni pa Mbodze, maji yakimtiririka usoni.

"Naipanda kwa mama, halafu narudi. Jumamosi nitakuwa hapa. Nishikie Janet, dada."

Akashika njia ya kando ya mto. Mbodze aliutazama mgongo wake mpaka ukapotelea kwenye migomba, na alichosikia moyoni kilikuwa furaha. Hakuna jina jingine la kukipa.

Jioni ileile mto ukapasua kingo. Mbodze alimbeba Janet mgongoni, maji yakimfika kiunoni, na ni haki kusema kwamba hakumwacha. Siku ya nne Randu akawakuta barabarani, amevuka kwa mtumbwi na kwa miguu, midomo imempauka.

"Rebecca yuko wapi?"

Mbodze alifumbua mdomo aseme yote. Lakini alimwona mume wake alivyouliza. Hakumwuliza yeye kama ni mzima. Hakumwuliza nyumba yake. Akasema, "Alifunga vitu vyake, akaenda."

"Akamwacha mtoto?"

"Si unamwona hapa?"

Kila neno lilikuwa kweli. Kesho yake mtu akamtaja Suleiman, na macho yote yakamgeukia Mbodze, aliyekuwa nyumbani na angejua. Aliguna tu. Mguno mmoja, wala si mrefu.

Alijiambia kuwa Rebecca yuko Golbanti kwa mamake, amekaukiwa na nguo, anakunywa uji, na maji yakishuka atarudi mwenyewe na uvumi utakufa. Alijiambia hivyo mpaka Machi, njia ilipofunguka na Buya, kakake Rebecca, akaja na samaki wawili wa zawadi. Aliketi, akauliza hali za watu wote, kisha akasema, "Na dada yangu? Mama anamsalimu sana."

 Ndipo Mbodze alipojua kuwa Rebecca hakufika. Aliingia jikoni akashika ukuta, na kutoka huko akamsikia Randu akimweleza shemeji yake habari za Kipini kwa sauti ya mtu anayetema kitu kichungu. Buya hakubisha. Aliinamisha kichwa kwa aibu ya nyumba yao, akaaga, na tangu siku hiyo Golbanti nako jina la Rebecca halikutajwa tena.

Waliporudi bomani mwezi wa tano, nyumba ya Rebecca ilikuwa imeyeyuka, limebaki rundo la udongo na mlango umelala juu yake. Ya Mbodze waliikandika upya. Na hapo mlangoni pake, si kule kwa mwenyewe, kipande cha mzizi kilichosombwa na maji kikachipua.

Nimeshasema alivyokikata. Lakini kulikuwa na mambo ambayo Mbodze hakumwambia mtu. Harufu ilianza kabla ya ua hata moja kutokea. Jua likiinama tu, akiwa anapepeta mchele au anafunga kuku, ilimjia puani, tamu, ya ubaridi, na nyuma yake kitu kama nguo iliyolowa. Alimwuliza Randu, "Husikii harufu?" Randu akasema hasikii kitu, akageuza uso, na Mbodze hakujua kama anasema kweli. Tena kila asubuhi alikuta shina limelowa. Mvua haikunyesha, umande haufanyi vile. Mtu alikuwa amemwaga maji, maji meupe ya kuoshea mchele, na makapi yalikuwa yamepangwa vizuri kuzunguka shina, miguu kivulini.  Na mwezi wa tisa, akitandika kitanda, aliona ncha ya kijani imepenya ufa wa ukuta, imekuja mpaka juu ya mto anaolalia, inatafuta mahali pa kushika.

Aliing'oa kwa mikono. Usiku huo alilala kwa Mungu tu.

Asubuhi aliamka kabla ya jogoo wa pili, akajificha nyuma ya ghala. Alikuwa tayari kuona chochote, hata mguu usiogusa chini. Aliyetokea alikuwa Janet, miaka saba, na kata mkononi. Alimimina maji polepole, akayafunika makapi kwa viganja, kama alivyoonyeshwa.

Mbodze alitoka pale alipojificha. "Ni wewe?"

"Nikiacha utakauka," Janet akasema. "Mama akirudi aukute."

"Nani kakwambia anarudi?"

Mtoto alifikiri. "Hakuna. Shuleni wanasema amenitupa, amepata watoto wengine Kipini." Akapangusa mikono kwenye gauni. "Mama mkubwa, kwani alinisahau?"

"Nenda ukanywe uji."

Afadhali lingekuwa pepo. Pepo unaliitia mtu akalitoa. Kwa neno la mtoto huyo Mbodze hakupata mganga, na tangu siku hiyo hakuukata mmea tena. Ukapanda mwimo, ukafika paani, ukachanua meupe na samli, na yeye akawa anaingia na kutoka nyumbani mwake akiwa ameinamisha kichwa.

Wario ndiye aliyeleta habari. Alikuwa Muorma, mzee kiasi, aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake upande wa chini na kuwauzia maziwa. Ugonjwa wa mwaka wa mafuriko ulikuwa umemwachia ng'ombe kumi na mmoja, na alimjua kila mmoja kwa jina. Alisimama mlangoni akamimina maziwa kwenye sufuria, akatazama juu.

"Mama Karisa, hii maua yako iko na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Kule chini, penye mkono ya mto ilikauka. Mimi naona jana. Moja kama hii tu, imepanda juu ya miiba, inanuka vizuri sana. Ng'ombe nataka kupita, nakataa. Nasimama tu."

Mbodze akaweka sufuria chini.

Alichukua jembe, akamfuata. Ulikuwa mwendo wa saa nzima kwenye njia ya Golbanti, mpaka pale mkono wa mto ulipokatiza. Siku za kawaida ni bonde dogo tu, unaruka. Wario akanyoosha kidole, kisha akarudi kwa ng'ombe wake, na Mbodze akateremka peke yake.

Ulikuwa pale. Ulikuwa mkubwa kuliko wa nyumbani, umefunika kichaka chote cha miiba, maua juu yake kama nguo iliyoanikwa. Porini kule hakuna mtu wa kupanda ua. Akapiga magoti, akafunua majani ya chini. Mizizi ilikuwa imetoka ndani ya kopo la Kimbo lenye kutu, imepita katika matundu ya msumari na kulipasua, ikaingia udongoni. Pembe ya leso ilichomoza kwenye tope kavu. Rangi ilikuwa imekwisha, lakini mtu aliyeifua nguo hiyo kwenye beseni moja na zake angeijua gizani.

Nasema lililokuwa moyoni mwake, maana lilikuwamo. Wario alikuwa mbali. Jembe lilikuwa mkononi. Angeng'oa mmea, angetupa kopo mtoni, angesukuma udongo kwa mguu, na Rebecca angebaki Kipini siku zote na Suleiman wake. Dakika kumi za kazi. Alilishika shina kwa mikono yote miwili, chini kabisa, akavuta.

Likashikilia.

Akavuta tena, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na alisikia waziwazi, katika viganja vyake, likimvuta yeye. Si kwa nguvu. Taratibu tu, kama mtu anayejaribu kuona kama mwenzake ana mizizi. Mbodze aliachia akakaa chini. Akapiga kelele, akalia kwa jina, "Rebecca! Rebecca wangu!" mpaka Wario akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Randu alikuwa anachonga mpini Mbodze alipofika nyumbani. Janet alikuwa kando yake, akiokota vibanzi vya kuwashia moto. Mbodze hakungoja mtoto aondoke. Alijua kuwa akingoja hatasema.

"Rebecca hakutoroka. Mimi nilimfukuza."

Randu hakuinua kichwa. "Lini?"

"Siku ile."

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mekarisa?"

"Ilikuwa inanyesha."

Akaweka mpini chini. Mbodze alijikaza apigwe, alitaka apigwe, lakini Randu alinyanyuka tu, akaenda kusimama kwenye lile rundo la udongo lililokuwa nyumba ya Rebecca, akawapa mgongo. Mbodze akamwinamia Janet.

"Mamako alikwenda kupanda ua kwa bibi yako. Alisema atarudi kwako Jumamosi. Maji yakamzuia. Hakukusahau hata siku moja."

Janet alimtazama. "Jumamosi gani?"



Buya na watu wa Golbanti walikuja mpaka kwenye kichaka kile cha miiba, wakamchimbua dada yao kwa majembe madogo, polepole, wakambeba kwenye jamvi na kumzika kwao kwa nyimbo za kanisa lao. Mama yake aliimba kuliko wote. Ilionekana wazi kuwa halii kifo tu, anajirudishia mtoto aliyekatazwa kumtaja. Mbodze alisimama nyuma kabisa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyempa kiti. Ikaamuliwa Janet akaishi na bibi yake, na Randu akasema, "Apelekwe."

Siku ya kuondoka, mtoto hakuaga. Alikwenda moja kwa moja mlangoni pa Mbodze, akachuchumaa, akaondoa jiwe ambalo Mbodze hata hakujua lipo. Chini yake palikuwa na tawi lililolazwa. Akalishika kwa vidole viwili, akalivuta kidogo.

"Imeshika," akasema, bila kelele. "Nipe kisu, mama mkubwa."

Mbodze akamletea. Akamwona akiweka makali pale tawi lilipoungana na shina, na hofu ikamjia, hofu ambayo katika miezi ile ya panga na chumvi asingeitegemea.

"Usikate wote, mwanangu," akasema. "Niachie mama."

Janet alikata tawi, akautia mche ndani ya kopo, akaufunika udongo kwa viganja. Ndipo alipoinua macho.

"Mama simkati," akasema. "Huyu atabaki na wewe."